Udhuru wa Refa

Kila ninapomsikia mtu akilalamikia VAR, lalamiko huwa moja kati ya mawili: ati inapoteza muda, ama ati bado inakosea. Yote mawili ni kweli. Lakini nikirudi nyuma katika historia ya kandanda, naona jambo la tatu, zito kuliko hayo. Kamera ilimnyang'anya refa udhuru wake. Na refa asiye na udhuru, sisi mashabiki hatujui kumsamehe.

Tuanzie Mexico City, tarehe 22 Juni 1986, uwanjani Azteca. Ni robo fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Uingereza. Dakika ya 51 Diego Maradona anaruka pamoja na kipa Peter Shilton, mfupi na mrefu, na mfupi ndiye anayeufikia mpira kwanza. Kwa mkono! Refa Ali Bin Nasser wa Tunisia hakuuona mkono huo. Akamtazama mshika kibendera wake, Bogdan Dochev wa Bulgaria. Kibendera hakikuinuka. Bao. Waingereza walimkimbilia refa wakilia kwamba mpira umenawiwa, lakini wapi. Argentina ikashinda 2-1, na hatimaye ikabeba kombe.

Ulikuwa wizi wa mchana, tusifichane. Hata hivyo, tazama kilichofuata. Mwaka 2015 Maradona alimtembelea Bin Nasser huko Tunisia akampa jezi aliyoitia sahihi. Mpira wenyewe, ambao refa alikuwa ameuhifadhi, ulipigwa mnada mwaka 2022 ukauzwa kwa pauni milioni 2. Kosa likageuka hadithi. Liliweza kugeuka kwa sababu kila mtu alielewa kwamba yule bwana alikuwa na macho mawili tu, kama yangu na yako.

Kilichobadilisha mambo ni runinga. Marudio yalizidi kuwa mengi na ya haraka, hadi mtu aliyekaa kwenye kochi akawa anaona kuliko refa. Novemba 2009, Thierry Henry aliugusa mpira kwa mkono kabla ya kumpa William Gallas aliyefunga, na Ireland ikakosa Kombe la Dunia. Halafu ikaja Jumapili moja huko Afrika Kusini, tarehe 27 Juni 2010. Mchana, mjini Bloemfontein, shuti la Frank Lampard liligonga mwamba, likadunda ndani kabisa ya goli la Ujerumani, likatoka. Refa akasema mchezo uendelee. Jioni, mjini Johannesburg, Carlos Tevez aliifungia Argentina dhidi ya Mexico akiwa ameotea, na marudio yakaonyeshwa kwenye skrini kubwa uwanjani. Wachezaji wa Mexico waliyaona, mashabiki wakayaona. Lakini sheria haikumruhusu refa kubadilisha uamuzi kwa sababu ya picha.

Hapo ndipo aibu ilipozidi. Rais wa FIFA, Sepp Blatter, aliziomba radhi Uingereza na Mexico. Mwaka 2012 teknolojia ya mstari wa goli ikaidhinishwa. Machi 2018 VAR ikaingizwa kwenye sheria za mchezo, na miezi mitatu baadaye ikatumika kwenye Kombe la Dunia nchini Urusi. Ahadi yake ilikuwa ya unyenyekevu: kurekebisha kosa la wazi, dhahiri, basi. Nani angekataa?

Sasa turudi Tunisia, nyumbani kwa Bin Nasser. Tarehe 31 Mei 2019, uwanja wa Radès, fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mkondo wa pili. Wenyeji ni Esperance, wale wale ambao Gor Mahia iliwapokonya Kombe la Washindi mwaka 1987. Wageni ni Wydad Casablanca. Mkondo wa kwanza ulikuwa 1-1, na sasa Esperance inaongoza 1-0. Walid El Karti anasawazisha kwa kichwa. Kibendera juu: ameotea. Wydad wanamwambia refa Bakary Gassama aende akatazame VAR. Ndipo wanapogundua kwamba mitambo haifanyi kazi.

Wydad walikataa kuendelea. Zaidi ya saa moja watu walizozana pale kando ya uwanja, kisha Esperance wakapewa kombe. CAF ikaamuru mechi irudiwe. Mahakama ya michezo ikaibatilisha amri hiyo, na kombe likabaki Tunis.

Hebu linganisha usiku huo na ule mchana wa Azteca. Kuotea kwa kukadiria kwa jicho ni jambo la kila wiki, wala halina uchungu wa bao la mkono. Lakini 1986 Waingereza walicheza hadi mwisho, na 2019 Wydad waligoma. Kwa nini? Kwa sababu waliahidiwa kamera. Mtu ambaye hujamwahidi chakula atalala njaa akanyamaza. Uliyemwandalia meza tupu atakuletea vita.

Na kamera ikifanya kazi? Septemba 2023, Luis Díaz wa Liverpool aliifunga Tottenham bao halali, kibendera kikainuka. Wasimamizi wa VAR walichunguza wakaona hakuotea. Lakini walidhani refa alikuwa amelikubali bao, wakamwambia ukaguzi umekamilika. Mchezo ukaendelea, bao likapotea, Liverpool wakalala 2-1. Kosa lile lile la binadamu, ila sasa limevaa koti la mashine. Kwa hiyo likanuka njama.

Simtetei Maradona, na Lampard alistahili bao lake. Mstari wa goli uachiwe mashine, kwa sababu mpira umevuka ama haujavuka. Lakini mkono ulioguswa, bega lililosukuma, hayo ni ya kuamuliwa, hayapimwi kwa rula. Mwamba ngoma huvutia kwake, hata ukimwonyesha picha mara ishirini. Refa atazame mara moja, kwa mwendo wa kawaida, bila kusimamisha picha. Asipoliona hilo kosa la wazi na dhahiri waliloahidi, alichopuliza kibaki. Tutamtukana, ndiyo. Lakini tutakuwa tunamtukana binadamu, na huyo tunajua namna ya kupatana naye.