Kalamu ya Bibi Salme

Wengi wa watu wa pwani humjua Seyyida Salme kwa kisa cha kutoroka: binti wa Seyyid Said aliyempenda Mjerumani, akapanda manuwari ya Kiingereza usiku mmoja wa mwaka 1866 na kwenda zake Aden. Kisa hicho ni kitamu, na kimesimuliwa vya kutosha. Lililo zito zaidi ni kwamba alikuwa mama aliyechelea kufa kabla wanawe hawajamjua.

Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, katika jumba lililosikika Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki na hata lugha ya Kicherkasi ya mama yake, Jilfidan. Mabinti wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Siri ilipofichuka alilaumiwa, wala hakuacha.

Ujuzi huo ulimponza mapema. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Miaka mitatu baadaye Barghash alipotaka kumpindua ndugu yake Majid, aliyewaandikia waasi barua zao alikuwa Salme, msichana wa miaka 15. Uasi ulishindwa, naye alipopatana tena na Majid, upande wa Barghash ulimwona msaliti.

Mwaka 1867, huko Aden, alibatizwa jina la Emily na kuolewa na Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Miaka mitatu tu, mume akafa kwa ajali ya tramu, akimwachia watoto watatu, mdogo wao bado mchanga. Watoto walikua Wajerumani. Walijua kwamba mama yao ni Mwarabu na kwao ni Unguja, basi. Naye, mwili na moyo vimemchoka, hakutumaini kuishi hadi wawe watu wazima. Ndipo akaanza kuwaandikia, tena kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani: vyakula, mavazi, sikukuu, maradhi, namna wanawake wa Mtoni walivyozuriana. Kurasa zake za utumwa zinautetea, na hapana sababu ya kumfichia hilo. Kitabu kilichapishwa Berlin mwaka 1886.

Aliandika pia barua ndefu za maisha yake ya Ulaya, kana kwamba anamweleza shoga yake wa Unguja. Nazo ni za Kijerumani. Shoga gani wa Mtoni angeweza kuzisoma? Hazikuchapwa hadi mwaka 1993, karibu miaka 70 baada ya kifo chake.

Alirudi Unguja mwaka 1885, lakini kwa merikebu za Wajerumani, ambao Bismarck wao alikuwa na hesabu zake. Barghash alikataa kumwona. Alirudi tena mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufa, na urithi aliodai hakuupata. Alifia Jena mwaka 1924. Akazikwa Hamburg, na husimuliwa kwamba kati ya vitu vyake palikuwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.

Mwanawe wa kiume, aliyezaliwa miaka 13 baada ya babu yake kufa, alikuwa ameshaongeza jina la babu huyo kwenye jina la ukoo. Mwaka 1929 alichapisha London kitabu cha maisha ya Seyyid Said. Jina la mwandishi ni Rudolph Said-Ruete.