“Eti”: neno dogo lenye makali

Simama Nanyala, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, siku ambayo malori yamejipanga mpaka macho yanachoka. Utingo akisema, “Eti, maji yanauzwa wapi?” anauliza kwa nia njema. Akisema, “Eti foleni inatembea!” amekejeli, na wa jirani wamemwelewa bila hata kumtazama usoni. Neno ni lilelile. Likitangulia swali ni wito tu. Likitangulia taarifa, linamsukumia mzigo aliyeitoa: maneno ni yake, mimi simo. (Lipo la katikati, “Eti unahama?”, ambalo ni swali na shaka kwa pamoja.) Utamu wake ni kwamba utingo hajakanusha lolote. Kairudisha tu kauli ya mwenzake, akaiacha igongane na lori lililozimwa injini.

Wapo wanaodai kejeli hizi vijana wameziokota kwenye Kiingereza cha mitandaoni, chenye “yeah, right” yake, ndiyo mbili zinazozaa hapana. Sikubali. “Yeah, right” huegemea sauti. Ukiiandika kavukavu, mtu anaweza kudhani umekubali kweli. Eti hubeba shaka yake hata kwenye ujumbe wa simu. Tena lugha iliyompa msema mafumbo neno “kijembe”, na ikavitandaza vijembe hivyo kwenye kanga za akina mama, haikusubiri intaneti ije kuifundisha kudhihaki. Wakenya wao husema “ati”, na hukata vilevile.