Kampala: Mwanafunzi asiyetulia na mwanafunzi anyamazaye

Tangu Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, madarasa mengi ya shule za umma mjini Kampala yamefurika, na mwalimu huweza kukagua madaftari bila kupata nafasi ya kumtazama kila mwenye daftari. Watoto wawili humrudishia kazi nusu. Mmoja alianza kwa bidii, akavutwa na mngurumo wa bodaboda nje, akasahau alipofikia. Mwingine alifuta jibu lake mara nne kwa kuogopa kukosea.

Wa kwanza huenda ana ADHD, yaani upungufu wa umakini ambao mara nyingi huambatana na utukutu uliopita kiasi. Wa pili huenda ana wasiwasi uliokithiri. Si ajabu mtoto mmoja kuwa na hali zote mbili, na wasichana wenye ADHD husahauliwa zaidi, kwa kuwa wengi wao huota mchana kimya kimya badala ya kurukaruka.

Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni, ingawa kiboko hakijatoweka. Mtoto mwenye ADHD hafundishwi utulivu kwa kuchapwa, kwani tatizo lake si ukaidi. Mwenye wasiwasi hufungwa ulimi hata kwa kumwona jirani yake akichapwa.

Msaada wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Asiyetulia aketishwe mbele, mbali na mlango, apewe agizo moja kwa wakati mmoja, nalo liandikwe ubaoni. Hesabu kumi zigawanywe mbili mbili. Kumtuma agawe vitabu humpa ruhusa halali ya kunyanyuka, na sifa itolewe papo hapo, si mwisho wa muhula.

Kwa mwenye hofu yafaa mwendo mwingine. Asiitwe ghafla kusoma mbele ya darasa. Aambiwe mapema aya itakayokuwa yake, aisome kwanza kwa mwenzake mmoja, kisha kwa kikundi. Lakini asisamehewe kabisa. Huruma ya namna hiyo huilisha hofu, kwa sababu kila anachokikwepa leo humtisha zaidi kesho. Hapa ndipo walimu wapole hupotea njia.

Kumpa mtoto jina la ugonjwa si kazi ya mwalimu. Wataalamu hutaka dalili za ADHD ziwe zimedumu angalau miezi sita, zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane nyumbani na shuleni pia. Kwa hiyo mwalimu aandike anachokiona: saa, somo, kilichotangulia. Mzazi achukue maandishi hayo pamoja na yake mwenyewe hadi Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Butabika, ambako kuna huduma ya afya ya akili kwa watoto na vijana.