Mapishi ya nyumbani baada ya upasuaji wa kupunguza uzani

KATIKA upasuaji wa kupunguza uzani unaofanywa sana duniani, daktari huondoa takriban asilimia 80 ya tumbo na kubakisha mfuko mwembamba mfano wa ndizi. Majuma ya kwanza mgonjwa hutumia vinywaji, kisha vyakula vilivyopondwa, na baada ya miezi miwili hivi hurejelea chakula cha kawaida.

Kwa kuwa nafasi tumboni ni finyu, protini ndiyo hutangulia, angalau gramu 60 kwa siku. Yai la kuchemsha, samaki wa mchuzi mwepesi, ndengu laini na maziwa lala yasiyotiwa sukari vyafaa sana. Ugali, ambao ndio ujazao sahani katika nyumba nyingi, sasa huwa wa kuonja mwishoni. Nyama choma kavu huweza kumkwama mlaji. Heri ichemshwe hadi ilainike. Maji hayanywewi wakati wa kula, bali nusu saa baadaye.

Taabu kubwa huja wakati pongezi za majirani zimekwisha. Mwanzoni njaa hufifia, kwani sehemu iliyoondolewa ndiyo hasa huzalisha ghrelini, homoni inayoamsha njaa. Mwaka mmoja au miwili baadaye, hamu ya kula hurejea na mizani hukwama. Wengi hufa moyo hapo, ilhali kukwama huko ni kwa kawaida. Jamaa wanaokula naye mlo ule ule humsaidia kuliko wanaompikia kando kama mgonjwa. Tembe za vitamini na madini, hata hivyo, ni zake peke yake, na humezwa maisha yote.