Miaka Kumi na Mitano ya Kutafuta Chaja Moja

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwenye kibanda cha kuchajia simu katika kijiji kisicho na umeme, iwe Rukwa au Siaya, alihitaji vitu viwili: betri ya gari au jenereta, na shada la chaja. Nokia za wakati huo zilitaka pini nene ya duara. Katikati ya muongo huo zikaja Nokia za pini nyembamba, ilhali za zamani bado zilikuwa mikononi mwa watu. Siemens ilikuwa na mdomo wake, Motorola na wake, Samsung na wake. Simu iliyokosa chaja ilivuliwa betri, na betri ikabanwa kwenye chaja ya kobe, ambayo haikujali tundu la simu hata kidogo kwa sababu meno yake yaligusa betri yenyewe.

Ulaya nako hali ilikuwa hiyohiyo. Kamisheni ya Umoja wa Ulaya ilitaja aina 30 za chaja sokoni mwaka 2009, na nyingi kati yake zilitupwa zikiwa nzima pale mtu aliponunua simu mpya.

Hata hivyo, aliyetangulia kuchukua hatua ni China. Desemba 2006 serikali yake ilitoa kiwango kilichotaka kichwa cha chaja kiwe na tundu la USB, na mwaka uliofuata kikaanza kutumika kwa simu mpya. Agizo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililotenganisha kichwa na waya. Kabla ya hapo chaja ilikuwa kitu kimoja: waya ukikatika shingoni, mtu alipeleka kwa fundi akaunge au alinunua chaja nzima. Baada ya hapo waya ulikufa peke yake na kichwa kikabaki kazini. Kwa mtumiaji wa kipato kidogo, hiyo huenda ndiyo nafuu kubwa kuliko zote katika historia hii, na inastahili kutajwa zaidi kuliko inavyotajwa.

Ulaya ilichagua njia ya maelewano. Juni 2009, chini ya msukumo wa Kamishna wa Viwanda Günter Verheugen, kampuni kumi zilitia saini mkataba wa hiari wa kutumia tundu la micro-USB kwenye simu za kisasa. Nokia, Samsung, Motorola na Apple zilikuwa miongoni mwao, na baadaye idadi ya kampuni ikafika 14. Aina 30 zikashuka hadi tatu katika miaka michache. Kwa mkataba usio na adhabu, hayo yalikuwa mafanikio.

Lakini mkataba uliacha mlango. Kampuni iliruhusiwa kubaki na tundu lake mradi itoe kiunganishi cha kuingia kwenye micro-USB. Septemba 2012 Apple ilizindua iPhone 5 yenye tundu jipya la Lightning, ikaliacha lile la pini 30 lililokuwapo tangu 2003, na kiunganishi kikauzwa peke yake. Watengenezaji wa waya na vifaa vya Lightning walilazimika kupata leseni ya Apple na kuilipa. Kampuni kubwa iliyotia saini ikawa imetimiza maandishi ya mkataba huku lengo lake likipotea.

Hoja ya Apple haifai kubezwa. Kampuni ilisema sheria ingeua ubunifu, na kwamba vifaa zaidi ya bilioni moja vya Lightning vilikuwa vimekwishauzwa, hivyo mabadiliko yangezalisha taka nyingi. Ni kweli pia kwamba micro-USB ilikuwa na kasoro: huingia upande mmoja tu, na baada ya muda tundu hulegea hadi simu iegemezwe ndipo ishike chaji. Kama Ulaya ingeifanya kuwa sheria mwaka 2009, watu wangefungiwa humo. USB-C, inayoingia kwa upande wowote, ilitangazwa mwaka 2014 tu. Lakini hapo ndipo hoja inapopungua nguvu, kwani Apple yenyewe iliikumbatia mapema: MacBook ya mwaka 2015 ilikuwa na tundu moja tu la kuchajia, na lilikuwa USB-C. iPad Pro ikafuata mwaka 2018. Simu, bidhaa yake inayouzwa kuliko zote, ikabaki na Lightning.

Bunge la Ulaya lilichoka kusubiri. Januari 2020 lilipitisha azimio kwa kura 582 dhidi ya 40 likiitaka Kamisheni ilete sheria. Muswada ukaja Septemba 2021, ukisimamiwa bungeni na mbunge wa Malta, Alex Agius Saliba, na tarehe 4 Oktoba 2022 ukapita kwa kura 602 dhidi ya 13. Simu, tableti na kamera ziliwekewa mwisho wa tarehe 28 Desemba 2024. Kompyuta mpakato, 28 Aprili 2026. Apple haikungoja: iPhone 15 ilitoka na USB-C Septemba 2023, na siyo kwa Wazungu peke yao, maana kutengeneza simu mbili tofauti kwa masoko mawili kungekuwa gharama. Hivyo kura iliyopigwa Strasbourg ikamfikia pia mnunuzi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue.

Sheria hiyo, hata hivyo, inagusa tundu la kifaa na namna ya kuchaji kwa kasi. Ubora wa waya wenyewe imeuacha. Mwaka 2015 mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza kununua na kupima waya za USB-C zilizouzwa mtandaoni, na mapema 2016 waya mmoja uliounganishwa kinyume ukamuunguzia kompyuta. Mwezi uliofuata Amazon ikapiga marufuku waya zisizofuata kiwango. Tangu 2021 shirika linalosimamia USB lina nembo za wati 60 na wati 240 kwa waya zilizopimwa, lakini mitaani waya nyingi huuzwa bila alama yoyote, na kwa macho zote ni sawa. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yanaweza kudai alama hiyo ya wati kwenye kila waya unaoingia bandarini, bila kusubiri Ulaya.