Kabla Useme 1KD Ni Mbovu, Jua Ilitoka Wapi

Wacha niandike kitu ambacho najua kitanikosanisha na mafundi wengine mtaani: injini ya 1KD haina laana.

Hiyo story nimeisikia tangu niko primary. Popote wasee wa magari wamekaa, lazima mmoja aseme, "Tafuta 1KZ, hizo KD zitakutoa machozi." Na mimi niliamini kabisa, juu nyumbani kwetu hiyo injini ilituumiza. 2015 anko wangu alichukua mkopo wa Sacco akanunua Hiace ya dizeli, lita 3.0, imetoka Japani, akaiingiza barabarani kama mathree ya abiria 14. Miaka miwili hivi mambo yalikuwa fiti. Alafu asubuhi moja taa ya oili ikawaka akiwa na abiria, injini ikaanza kugonga, na kabla afike stage ikazima kabisa. Gari ilienda, mkopo ukabaki. Binamu yangu alikaa nyumbani muhula mzima juu fees ilikuwa imekufa na hiyo injini.

Sasa huyo binamu amekuwa mtu mzima, ameweka akiba, na anataka kununua Hiace yenye injini ile ile. Familia imegawanyika. Shosho anaombea, anko hataki hata kusikia. Lakini kitu kimoja kilinisumbua: miaka hii yote hakuna mtu kwetu aliwahi kuuliza ile injini ilikufa kwa nini. Tulisema tu ni mbovu, tukasonga. So nikaamua kuanza mwanzo kabisa.

Mwanzo wenyewe ni jamaa anaitwa Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris 1858. Wakati wake viwanda vilitegemea injini za mvuke, na nyingi zilikuwa zinapoteza zaidi ya asilimia 85 ya joto la makaa. Wazo lake lilikuwa rahisi kueleza na gumu kutengeneza: kandamiza hewa mpaka iwe moto sana, alafu nyunyizia mafuta ndani yake, yatawaka yenyewe bila plagi. 1897, pale Augsburg, injini yake ilipimwa ikabadilisha karibu asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Diesel mwenyewe hakufaidi sana. Usiku wa 29 Septemba 1913 alipotea kwenye meli akielekea Uingereza, na mwili wake ukapatikana baharini siku kadhaa baadaye.

Wa pili ni Mswisi, Alfred Büchi. Aliangalia moshi unaotoka kwa ekzosi akaona ni nguvu inamwagwa bure. 1905 akasajili wazo la kutumia huo moshi kuzungusha feni, na hiyo feni izungushe nyingine inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hiyo ndiyo tabo. Kwa miaka mingi ilikaa kwenye meli, treni na malori. Gari dogo la kwanza la dizeli yenye tabo kuuzwa kwa watu wa kawaida lilikuwa Mercedes-Benz 300 SD, 1978, na lilitengenezewa soko la Marekani, ambako bei ya mafuta ilikuwa imepanda na serikali ilikuwa imeanza kuwabana watengenezaji kuhusu matumizi ya mafuta.

Wa tatu ni mfumo wa komoni reli. Zamani pampu ilikuwa inapeleka mafuta kwa kila nozeli kwa zamu. Kwa komoni reli, mafuta yanakaa kwa bomba moja yakiwa na presha kali muda wote, na kompyuta ndiyo inaamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Denso waliuweka kwenye malori ya Hino 1995, na 1997 Alfa Romeo 156 ikawa gari dogo la kwanza kuuzwa nao.

Sasa ukiunganisha hao watatu, unafika 2000, Toyota wanaleta 1KD-FTV.

Namba zake ni hizi. Silinda nne, cc 2982, pistoni upana milimita 96, safari yake milimita 103. Valvu 16, shafti mbili za valvu juu. Bloku ni chuma, hedi ni alumini. Tabo yake ina mabawa madogo yanayojigeuza ndani, ndiyo maana inavuta hata ukiwa mwendo wa chini. Kwa Hiace za kwanza ilitoa nguvu farasi 136, kwa Prado ikafika 173. Injini ileile, ila Prado imepewa presha zaidi na mpangilio tofauti wa kompyuta.

Linganisha na 1KZ-TE ambayo mafundi wanaililia. Ni cc 2982 pia, 96 kwa 103 vilevile. Lakini valvu ni 8, shafti ni moja, na pampu ni ile ya kuzunguka ya zamani yenye usimamizi kidogo wa umeme. Ilitoa kati ya farasi 125 na 145 kutegemea gari. Na wasee, wacheni kujifanya 1KZ haikuwa na shida. Hedi zake zilikuwa zinapasuka zikichemka. Ukipuuza rejeta siku moja tu, kwisha. Watu wamesahau hiyo kwa sababu zilizokufa zilishaenda skrepu, na zile zimebaki barabarani ni za watu waliozitunza. Tunakutana na wazima, tunadhani hakuna aliyewahi kuugua.

Turudi kwa KD. Shida zake zinajulikana, na hazitokani na uchawi.

Ya kwanza ndiyo ilitumaliza. Chini ya kila nozeli kuna karing'i kembamba ka shaba, kazi yake ni kuziba ili moto wa silinda usipande juu. Kwa KD nozeli zinakaa ndani ya mfuniko wa valvu, mahali oili inapita. Hako karing'i kakianza kuvuja, gesi ya moto inaingia kwa oili. Oili inageuka kuwa masizi mazito. Masizi yanashuka kwa sampu, yanaziba chujio la kufyonza oili. Siku moja pampu inavuta, oili haiji. Tabo, ambayo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikitegemea oili hiyo hiyo, inaumia. Beringi za krenki zinaumia. Injini inagonga. Toyota walikuja kubadilisha muundo wa hizo sili baadaye, lakini magari mengi yaliyofika kwetu yalikuwa na zile za kwanza.

Ya pili ni nozeli zenyewe. Ndani ya reli mafuta yana presha ya zaidi ya bar 1,300. Tairi la gari dogo lina kama bar 2. Kwa presha hiyo, uchafu mdogo ambao huwezi kuuona kwa macho unakwaruza nozeli. Na nozeli inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Sasa kumbukeni Kenya ya wakati ule. Mafuta ya taa yalikuwa bei rahisi, na kuna watu walikuwa wanayachanganya na dizeli wauze. Ilikuwa shida kubwa mpaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili huo mchezo usilipe tena. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi kama dizeli. 1KZ ingekohoa, ivumilie. KD inakufa. Kiwango cha salfa kwa dizeli yetu pia kilishuka hadi 50 ppm mwaka 2015 tu, na salfa ikizidi inachosha oili mapema.

Ya tatu ni pistoni kupasuka, hasa kwa injini za kama 2005 hadi 2013. Nozeli ikianza kumwaga mafuta ovyo, joto linazidi sehemu moja ya pistoni, inapata ufa. Ukiona KD inagonga ikiwa baridi, inatoa moshi mweupe na sailensa inatetemeka, usiongeze sauti ya redio.

Ya nne ni belti ya taiming. Inabadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea soko gari ilitengenezewa, na kuna taa kwa dashibodi inakukumbusha. Ikikatika, valvu na pistoni zinakutana.

Mwezi uliopita mimi na binamu tulifanya kitu tulichofaa kufanya kitambo. Ile injini ya anko bado iko nyuma ya nyumba, imefunikwa na gunia. Tuliigeuza, tukafungua sampu. Chujio la oili lilikuwa limezibwa na masizi magumu kama ukoko wa ugali. Tukafungua juu. Ring'i mbili za shaba zilikuwa zimeungua upande mmoja, nyeusi kabisa. Anko akatoka nje, akaangalia, akanyamaza. Alafu akatuambia kitu ambacho hajawahi kusema: miezi michache kabla injini ife, fundi mmoja alitoa nozeli akazisafisha, akazirudisha na ring'i zilezile za zamani. Ring'i mpya ni kati ya vitu vya bei ya chini kabisa kwa hiyo injini. Fundi hakujua, anko hakujua. Alilipa kazi, akaenda.

Hapo ndipo msimamo wangu uko. Magari haya tunayapata baada ya Japani kuyatumia hadi miaka minane, ndiyo sheria yetu ya umri. Tunapata chuma, tunapata redio inayoongea Kijapani, lakini hatupati historia. Hakuna anayetuambia oili ilimwagwa lini, belti ilibadilishwa lini, sili zilishawahi guswa. Alafu tunaipeleka kwa fundi aliyejifunza kwa injini ya 1990, tunamlipa kidogo, na ikifa tunailaumu injini.

Na kosa lingine ni hili la "itaingia tu". Muuzaji mmoja amemwambia binamu yangu anunue Hiace yenye injini mbovu kwa bei ya chini, alafu aweke KD iliyotolewa kwa Prado. Jina ni moja, kweli. Lakini sampu hazifanani, intakula inakaa mahali tofauti, nyaya na kompyuta ni tofauti, hata tabo. Nozeli nazo kila moja ina kodi yake, lazima iandikwe kwa kompyuta ya gari husika, la sivyo injini inatetemeka na unarudi kwa shida ya pistoni. Usijaribu pia kuvalisha KD hedi ya KZ kwa sababu eti cc ni sawa. Bora ununue injini kutoka kwa Hiace ya mwaka unaokaribiana, ikiwa na kompyuta na nyaya zake. Na namba ya injini ikibadilika, peleka NTSA ibadilishwe kwa logbook, au siku ya kuuza utalia.

Kuna wanaosema basi dawa ni kurudi kwa injini za zamani. Nawaelewa. Injini unayoweza kutengeneza na spana tatu kando ya barabara usiku ina thamani yake. Lakini hizo zinaisha, na zinazokuja zina kompyuta zaidi, sio kidogo. Tangu 2015 Toyota wenyewe walianza kuhama kwa 1GD ya lita 2.8. Tukikataa kujifunza KD leo, miaka kumi ijayo tutakuwa tunasema "hizo GD zitakutoa machozi" huku tukiililia KD.

Binamu anaendelea na mpango wake. Ameandika orodha kwa daftari: kabla alipe, sampu ifunguliwe. Ring'i za nozeli mpya, belti mpya hata kama muuzaji ameapa, chujio la dizeli original, oili kila kilomita 5,000. Ameweka pesa ya hiyo kazi pembeni, nje ya bei ya gari. Na kama muuzaji atakataa sampu ifunguliwe, anaondoka.

Anko bado hajasema ndiyo. Lakini Jumapili alituuliza hiyo gari tutaenda kuiangalia saa ngapi.