Sauti za Waliotekwa: Ushahidi wa Wanyonge katika Historia ya Songwe

1. Utangulizi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya. Makao yake makuu yako Vwawa, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 1,344,687. Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Walambya, Wawanda na Wabungu ni baadhi ya wenyeji wake wa zamani, na mji wa Tunduma, ulioko mpakani na Zambia, umewaongezea majirani kutoka kila pembe ya nchi. Mkoa huu ni mpya kwa jina tu. Nchi yenyewe ni sehemu ya ule ukanda kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika ambao Monica Wilson aliuandikia kitabu mwaka 1958, akionyesha jinsi watu wake walivyohamahama, wakaoana na kupokezana desturi kwa karne nyingi.

Makala hii inakusudia kuuliza swali moja: ni nani anayesikika katika historia ya nchi hii kama ilivyoandikwa na watafiti? Swali hili lawahusu watumishi wa Kanisa kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya ushahidi uliopo iliandikwa na wamisionari. Pili, ushahidi unaoendelea kuandikwa leo umo mikononi mwa wachungaji, katika madaftari ya sharika zao, ingawa wengi hawaufikirii kuwa ni ushahidi wa historia.

2. Kutoka kwa watawala hadi kwa watu wa kawaida

Baada ya Uhuru, wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walikuwa na kazi ya haraka: kuonyesha kwamba Waafrika walikuwa na historia yao kabla ya kuja wakoloni. Kitabu kilichohaririwa na Andrew Roberts mwaka 1968 kilikusanya habari za makabila kadhaa ya Tanzania kabla ya mwaka 1900, na sura ya Wanyiha iliandikwa na Beverley Brock, ambaye pia alichunguza ufundi wao wa kuyeyusha chuma. Kazi hizo zilikuwa na faida kubwa. Hata hivyo, wazee waliohojiwa zamani zile walisimulia zaidi habari za koo za watawala: nani alitoka wapi, nani alimrithi nani, nani alimpiga nani vitani. Mapokeo ya ukoo hutunzwa na wenye ukoo. Mtu aliyetolewa kwao akiwa mtoto na kuuzwa mara tatu hakuwa na ukoo wa kumtunzia habari zake.

Ndiyo maana wanahistoria walianza kutafuta habari za maisha ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 1973 John Iliffe alihariri kitabu cha wasifu wa Watanzania, ambamo waandishi wengi walikuwa wanafunzi waliokwenda kuwahoji watu wa kwao. Na kuhusu eneo letu, Marcia Wright, aliyekwisha kuandika mwaka 1971 historia ya misheni za Kijerumani za Nyanda za Juu Kusini, aligeukia masimulizi ya mateka. Makala yake ya kwanza juu ya habari hiyo ilitoka mwaka 1975, na kitabu chake kamili mwaka 1993.

3. Masimulizi ya mateka

Masimulizi hayo yalitoka wapi? Mwaka 1891 wamisionari wa Moraviani na wa Berlin walifika kaskazini mwa ziwa Nyasa, wakakubaliana mipaka ya kazi: Wamoraviani wachukue magharibi, na Walutheri wa Berlin mashariki. Kwa makubaliano hayo nchi ya Unyiha iliangukia upande wa Moraviani, na mwaka 1899 Traugott Bachmann alianzisha kituo cha Mbozi. Kule Utengule, Usafwa, Elise Kootz-Kretschmer alikaa na wanawake wazee waliopata hifadhi karibu na kituo, akaandika waliyomweleza juu ya maisha yao.

Miongoni mwao alikuwa Narwimba. Habari zake zinatuonyesha jambo ambalo mahubiri mengi juu ya utumwa hayaligusi. Tumezoea kumwona mtumwa kama mtu aliyenyakuliwa na mgeni mwenye bunduki. Uvamizi ulikuwapo kweli: mateka wa vita vya Wabemba, Wasangu na wengine walipitishwa katika ukanda huu, na huko Karonga, kusini ya mto Songwe, Mlozi alifanya biashara ya pembe na watu hadi Waingereza walipomnyonga mwaka 1895. Lakini hatari ya Narwimba haikuanzia kwa mvamizi. Ilianza alipofiwa na mumewe. Mjane asiye na mwanamume wa kumtetea aliweza kutolewa kulipa deni au fidia ya kosa asilolitenda. Ndiyo sababu yeye mwenyewe alimwendea mrithi wa mumewe akaomba arithiwe. Msomaji wa leo aweza kulihukumu ombi hilo kuwa ni unyonge. Wright analiona kuwa ni busara: mwanamke huyu aliipima hali yake, akachagua kifungo chenye ulinzi kuliko uhuru usio na mtetezi.

Mwingine anajulikana kwa majina matatu yaliyofuatana: Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga. Mchungaji aliyebatiza watu wazima anajua uzito wa jina jipya. Basi na tujiulize majina ya mtu aliyepita katika mikono mingi hubeba nini: nani alimwita hivi, na nani aliyejua jina alilopewa na mama yake?

Wright aliyaweka masimulizi ya wanawake hao kando ya yale ya Msatulwa Mwachitete, mwanamume wa Unyiha aliyetoka katika nyumba ya mtawala. Tofauti yaonekana. Mwanamume wa ukoo mkubwa alikuwa na kwao pa kurudi, na kurudi kwake kulikuwa na maana kwa watu wengine. Mwanamke alipoponyoka, swali lake la kwanza lilikuwa, aende kwa nani? Kutoka mikononi mwa bwana mmoja hakukumaanisha kutoka utumwani, kwa kuwa njiani alisubiriwa na bwana mwingine. Hata utawala wa wakoloni ulipotangaza kuja kwa amani, kesi za wanawake ziliamuliwa na wanaume, na mpaka kati ya mke na mtumwa haukuwa wazi barazani.

4. Kuyapima masimulizi haya

Haitupasi kuyapokea masimulizi haya bila kuyapima. Kati ya Narwimba na sisi pana angalau watu watatu: mwanamke mzee akumbukaye mambo ya miaka mingi iliyopita, mmisionari asikilizaye na kuandika, na mtafiti achaguaye na kutafsiri. Kila mmoja alikuwa na haja yake. Msimuliaji aliishi karibu na misheni na aliihitaji misheni. Mwandishi aliwaandikia wasomaji wa Ulaya waliochangia kazi ya Injili, nao walipenda hadithi iendayo kutoka gizani hadi nuruni, ikiishia mlangoni mwa kanisa.

Je, hili linayaharibu kama ushahidi? Hapana. Mtafiti makini hutazama yale yasiyotumikia kusudi la mwandishi. Mmisionari hakuwa na haja ya kueleza ni nani alimdai nani ng'ombe, au mtoto gani alitolewa kwa deni la nani. Lakini mambo hayo yamo, kwa sababu msimuliaji aliyaona ndiyo kiini cha maisha yake. Hapo ndipo sauti yake inapolipita sikio la msikilizaji. Wanafunzi wa Agano Jipya wanaifahamu njia hii ya kusoma. Waitumie pia katika historia ya nchi yao.

Kuna kasoro nyingine iliyo nzito zaidi. Habari hizi zimewafikia wasomi kwa Kijerumani na Kiingereza. Bachmann alitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha, likachapwa mwaka 1913. Hivyo Neno lilivuka kutoka lugha za Ulaya kuja katika lugha ya wenyeji. Maneno ya wenyeji nayo yalivuka kwenda Ulaya, na huko yakakaa. Kijana wa Vwawa anayetaka kujua bibi wa bibi yake aliishije huhitaji lugha mbili za kigeni. Kuyaleta masimulizi haya kwa Kiswahili safi, pamoja na maelezo, ni kazi inayofaa kabisa kwa chuo cha theolojia.

5. Mpaka na nyaraka zilizotawanyika

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba uliogawa nchi hizi. Mto Songwe ukawa mpaka, na kutoka huko mstari ukaendelea hadi ziwa Tanganyika, ukawakata Wanyamwanga sehemu mbili. Kituo cha Mwenzo cha misheni ya Kiskoti ya Livingstonia kikawa upande wa Waingereza. Huko, mwaka 1912, Donald Siwale, David Kaunda na Peter Sinkala walianzisha chama cha ustawi ambacho wanahistoria wa Zambia hukitaja kuwa cha kwanza cha namna yake nchini mwao. Siwale alikuwa Mnyamwanga. Ndugu zake wa lugha walikuwa pia upande wa pili wa mpaka.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, Waskoti wa Livingstonia waliyasimamia maeneo ya Moraviani na Berlin hadi Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa miaka hiyo yote sharika zilihudumiwa na wainjilisti na walimu Waafrika. Matokeo yake ni kwamba mtafiti wa Tunduma hulazimika kutafuta nyaraka Dar es Salaam, Lusaka, Edinburgh, Herrnhut na Berlin. Kilichobaki karibu naye ni watu wenyewe na madaftari ya kanisa.

Tena, ukanda huu haukuacha kuwa njia. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na ndiyo iliyoletwa hapa na China pamoja na mafundi wake. Jamie Monson, aliyeandika historia ya reli hiyo mwaka 2009, alitumia masimulizi ya maisha pamoja na stakabadhi za vifurushi vilivyosafirishwa na wafanyabiashara wadogo. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa. Stakabadhi ya gunia la mpunga imekuwa ushahidi wa historia. Itakuwaje basi daftari la ubatizo?

6. Wajibu wa wachungaji

Daftari la usharika hutaja jina la mama, mahali alipozaliwa, wadhamini, ndoa, kuhama na kufa. Kwa mji wa mpakani kama Tunduma, ambako watu huingia na kutoka, pengine hakuna maandishi mengine yanayomtaja mwanamke maskini kwa jina lake. Daftari hilo linapoliwa na mchwa au kulowa mvua, mtu huyo hupotea mara ya pili. Kulitunza ni sehemu ya uchungaji.

Wajibu wa pili ni kusikiliza. Wazee waliojenga reli, wajane waliohamia mpakani, wasichana walioletwa mjini kufanya kazi za nyumbani: hawa wana habari zisizomo katika kumbukumbu za serikali. Lakini hapa tahadhari yahitajika. Mchungaji husikia mambo katika maungamo na ushauri, na hayo si mali ya historia. Akitaka kuandika habari za mtu, amwombe waziwazi, amweleze yataandikwa wapi, na amsomee alichoandika kwa lugha anayoielewa. Wanawake wa Utengule hawakupata nafasi ya kusomewa vitabu vyao.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya Songwe ina mashahidi ambao hawakuwa na ukoo, cheo wala shamba, na kwamba walisikika kwa kuwa mtu mmoja alikaa chini akaandika. Tumeona pia kwamba hatari iliyompata mjane wa karne ya 19 ilianzia nyumbani, katika baraza la urithi. Mabaraza hayo yapo hata leo, na mara nyingi mchungaji huitwa kuketi ndani yake. Anayejua habari za Narwimba ataketi hapo akiwa na swali moja la nyongeza, nalo ni hili: mama huyu, tukiisha kugawana mali na kuondoka, atakwenda kwa nani?